Mkatale, kongwa na pingu

Siku hizi kila kifungo cha chuma ni pingu, basi. Zamani watu wa pwani walitofautisha, na tofauti ilitokana na swali moja: huyu mfungwa anakaa au anatembea?

Wa kukaa alitiwa mkatale. Ni gogo zito lenye matundu; miguu hupitishwa humo, kisha hukazwa isichomoke. Hapo hata ukuta si lazima, maana gogo lenyewe ndilo gereza. Lamu ilipata gereza la mawe baadaye: ngome ya Mkunguni, iliyokamilika 1821, ilifungiwa watu tangu enzi ya Mwingereza mpaka 1984.

Wa kutembea alivishwa kongwa, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ni mti mrefu wenye panda. Shingo huingizwa kwenye panda, kisha kijiti au chuma hupitishwa mbele ya koo na kukomewa. Mikono iliachwa huru makusudi, ipate kubeba mizigo. Mkia wa mti ulifungwa kwenye mti wa mwenziwe, hivyo mmoja akijikwaa, wote wawili wanakabwa. Ndivyo misafara ilivyowateremsha watu kutoka bara, na wengine wakaishia mashambani Malindi. Sheria ilikuja kuufuta utumwa wa pwani yetu mwaka 1907. Tukisema kongwa ni chombo cha wafungwa, tuseme pia kwamba wengi waliolivaa hawakuwa na kosa lolote.

Pingu zamani zilikuwa hasa za miguuni: vikuku viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa pao au mnyororo mfupi, ili mtu apige hatua ndogo tu asiweze kukimbia. Vingi havikuwa na ufunguo. Viligongelewa kwa nyundo, kwa hiyo kuvitoa kulitaka tupa, chuma cha kukerezea. Ndiyo maana Fumo Liyongo, shujaa wa pwani katika masimulizi yetu, alipofungwa gerezani alimtuma kijakazi Saada kwa mamake aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, wenye tupa ndani. Walinzi walikuwa wakila vyakula vizuri alivyoletewa, wishwa wakamwachia. Usiku, ngoma ikivuma nje, akakereza chuma bila kusikika.

Katika tungo za kale za kisa hicho utakuta Liyongo akitaka kukata "pingu na minyoo". Watoto wetu wakisikia hudhani ni minyoo ya tumboni. Waelezwe: mnyoo ni mnyororo.