Maandishi ya ukingoni mwa filamu

Kwenye negativu za picha nyeusi na nyeupe, pale pembeni penye matundu, kuna vijiherufi vya jina la filamu: ILFORD HP5 PLUS, au KODAK 400TX, halafu namba 1, 1A, 2, 2A. Wengi hudhani kamera ndiyo iliyoyaandika. Siyo. Yamepigwa kwa mwanga kiwandani, kabla mkanda haujaingizwa kwenye kikopo chake. Ukinunua filamu hayaonekani. Yamelala kwenye tabaka la dawa kama picha zako zitakavyolala baadaye, na huja kuamshwa pamoja nazo siku ya kusafisha.

Kwa hiyo maandishi hayo hayaijui lenzi yako wala shata. Kwenye filamu mpya, yanamtegemea msafishaji.

Mzee aliyenifundisha kusafisha picha, kwenye studio ndogo mjini Moshi, aliletewa mkanda wa harusi ya Machame uliosafishwa kwingine. Ukiacha ncha yake, ulikuwa mtupu kama kioo. Mwenye nao alikuja amewaka: "Shikamoo mzee, hebu ona walivyoniharibia!" Mzee akauinua kwenye mwanga wa mlango, akagusa ukingo kwa ukucha. "Marahaba. Hizi herufi unaziona? Nyeusi tii. Dawa imefanya kazi yake, mwanangu. Kamera yako haikuvuta filamu." Mkanda haukushika kwenye roli, alipiga harusi nzima kwenye kipande kimoja cha ncha.

Na herufi nazo zingekosekana? Hapo lawama ingehamia chumba cha giza: dawa imekufa, au mtu katanguliza dawa ya kukazia, ile ya kuidumisha picha, badala ya ya kusafishia, ile ya kuitokeza. Zikiwa za kijivu, zimefifia, dawa imechoka, muda ulikuwa mfupi, au baridi. Hilo la baridi Arusha tunalijua. Dawa nyingi zimepangiwa nyuzi 20, na anayechota maji ya bomba asubuhi ya Julai bila kuyapima joto hupata picha zilizopauka pamoja na herufi zake. Herufi zikikolea ilhali picha ni nyepesi, ulipiga kwa mwanga haba.

Usikimbilie kuhukumu, lakini. Filamu iliyopitwa na wakati herufi zake hufifia zenyewe, na viwanda havilingani kwa weusi. Mimi nimebandika ukutani kipande cha HP5 kilichosafishwa vizuri, nalinganisha nacho.

Tazama pia kati ya matundu. Weusi ukienea hadi huko, mwanga umeingia kwa mgongo wa kamera au kwenye kikopo. Ukiishia ndani ya fremu, umepitia kwenye lenzi.

Namba hazina makuu: fremu ya kawaida ina urefu wa milimita 36, na pamoja na mwanya kati yake na inayofuata ni 38, sawa na matundu manane, na ile A hukaa katikati kwa sababu si kila kamera huanza pale namba ilipo. Faida nyingine ni mwelekeo. Herufi zikisomeka sawasawa, unatazama upande unaong'aa, na picha iko kama ilivyokuwa. Unapochapa, upande huo uwe juu, usiong'aa uelekee karatasi. Ukikosea, koti la bwana harusi litafungwa kike, na hao ndugu zake hawatakuachia.

Kwenye negativu za akina babu utakuta neno SAFETY. Maana yake mkanda ni wa asetati, si wa naitreti, ile iliyokuwa ikishika moto kwa urahisi wa kutisha na ambayo viwanda vikubwa viliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Asetati hailipuki, ila huoza taratibu. Ukifungua kopo la biskuti lenye negativu za ukoo na harufu ya siki ikakupiga puani, zitoe humo, zitenge na nyingine, na uzichape mapema kabla hazijajikunja.