Paa na terasi: tofauti iko kwa anayekanyaga

Simama chumbani utazame juu: unachokiona ni dari. Sasa panda ngazi, tokea juu ya dari hiyo hiyo, uikanyage. Hapo ulipo ni sakafu. Kitu ni kimoja, kimebadilika jina kwa sababu wewe umehama. Anayeuliza tofauti ya paa na terasi anauliza jambo hili hili, na watu wa pwani walikuwa na jibu lake muda mrefu kabla ya matangazo ya nyumba kuanza kusifia "ruftopu", yaani terasi ya juu ya nyumba.

Paa ni kifuniko. Nyumba hupauliwa, ikaezekwa kwa makuti, nyasi, vigae au bati, na kazi ya kile kilichoezekwa ni kumkinga aliye chini na mvua, jua na upepo. Hakuna anayepanda huko isipokuwa fundi, naye hutafuta pa kuweka mguu. Terasi ni sehemu iliyo wazi, iliyosawazishwa ili watu wakae, waanike nguo, wapunge upepo. Inaweza kuwa chini kabisa, uani, imetandikwa mawe, isiwe na uhusiano wowote na paa. Ikiwa juu ya nyumba, hapo inabeba kazi mbili: kumfunika aliye chini na kumbeba aliye juu. Roshani ni kitu kingine, maana hiyo hutokeza nje ya ukuta na mara nyingi chini yake hamna chumba.

Neno sakafu lina habari ya kupendeza. Asili yake ni Kiarabu, saqf, na kwa Waarabu maana yake ni kile kilicho juu ya kichwa chako, yaani dari au paa. Uso wa juu wa paa, pale unapoweza kutembea, wao wana neno jingine, sath. Sisi tumelichukua saqf tukaliweka chini ya miguu. Kamusi za zamani za Kiswahili zinashika maana zote mbili: sakafu ni chini palipotandazwa chokaa na kokoto, na pia ni paa bapa la nyumba ya mawe.

Sababu utaiona ukiingia nyumba ya kale ya Lamu. Boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zimepangwa karibu karibu. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba, kwa hiyo vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana hauzidi mita 3 hivi. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na kokoto, ikapigwa kwa magongo mpaka ishikane na kuwa ngumu. Ghorofa ya kwanza hutengenezwa hivyo, ya pili hivyo hivyo, na tabaka la mwisho kabisa, lile linalotazama mbingu, nalo ni hivyo hivyo. Fundi hakuwa na ujenzi mmoja wa sakafu na mwingine wa paa. Kwa nini basi awe na maneno mawili?

Boriti kama hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman, Bahrain na Kuwait, na huko pia zikapima upana wa vyumba. Kule mvua ni chache, na katika miezi ya joto kali watu walikuwa wakipandisha matandiko juu ya nyumba wakalala huko. Kwetu kuna masika. Sakafu ya chokaa hupata nyufa, maji hupenya, boriti huoza, na kila ukiongeza tabaka la chokaa kuziba ufa unaongeza na uzito. Ndiyo maana nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Unguja, leo zimefunikwa mabati juu ya sakafu zao za kale. Lamu wengi wamesimamisha nguzo juu ya sakafu na kuezeka makuti, pande zikaachwa wazi. Ukikaa hapo jioni, pepo za bahari zikipita, una terasi chini ya miguu na paa juu ya kichwa, kila kimoja kikifanya kazi yake. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Kwa anayejenga leo, tofauti inaanzia kwenye uzito. Bati la kawaida la nyumba halifiki kilo 4 kwa mita ya mraba. Slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15 inakaribia kilo 360 kwa mita hiyo hiyo, kabla hajapanda mtu. Kanuni za Uingereza ambazo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea zilitenganisha mambo haya waziwazi: paa lisilopandwa ila kwa matengenezo lilihesabiwa mzigo wa kilo 60 hivi kwa mita ya mraba, na lile linalopandwa na watu angalau 150. Kwa hiyo slabu kuwa bapa hakuifanyi kuwa terasi. Lazima mtu awe ameihesabia watu tangu mwanzo, akaweka ngazi salama na ukingo usiomruhusu mtoto kuanguka.

La pili ni maji. Paa la bati huyakimbiza, na la makuti huhitaji mteremko mkali, karibu nyuzi 45, la sivyo linavuja. Terasi haiwezi kuinama hivyo, kiti kitateleza. Huinamishwa kidogo tu, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Niliwahi kupanga chumba cha juu kabisa katika nyumba yenye slabu iliyozungushiwa ukuta, na tundu la maji lilikuwa moja tu. Usiku mmoja wa mvua mfuko wa nailoni uliziba tundu hilo. Asubuhi maji yalifika juu ya kifundo cha mguu. Kina cha sentimita 10 ni kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na huo ni mzigo ambao hakuna aliyeupangia. Dari langu lilibaki na mabaka ya manjano miezi mingi. Fundi aliyekuja kuziba alisema, "Hapa palijengwa paa, watu wakapafanya pa kukalia." Tangu siku hiyo nikipelekwa kuangalia nyumba naanza kwa kuhesabu matundu ya maji, kisha ndiyo natazama mandhari.

Halafu kuna zile slabu zenye nondo zilizosimama pembeni, zikishika kutu, ambazo utaziona Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Watu huanika nguo na dagaa juu yake, watoto huchezea mpira. Mwenye nyumba ukimuuliza kama lile ni paa au terasi, atakwambia ni sakafu ya ghorofa ya pili. Ghorofa yenyewe bado.