Kulipia taka kwa ndoo: yanayosemwa Mombasa na ukweli wake

Katika mitaa mingi ya Mombasa anayezoa taka hulipwa kwa mwezi, na kila nyumba hutoa kiwango kilekile. Bibi anayeishi peke yake Mji wa Kale, ambaye kwa wiki hajazi hata ndoo moja, hulipa sawa na nyumba ya watu tisa inayopika chapati za kuuza. Kulipia kwa kipimo kunageuza hesabu hiyo: anayetoa kidogo hulipa kidogo. Wazo hili likitajwa tu, maneno huwa mengi. Mengine yana msingi, na mengine hayana.

"Ni kodi nyingine tu."

Taka unazilipia tayari, ama mkononi mwa mzoaji, ama ndani ya kodi ya nyumba. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, na Kifungu cha 209 kinaruhusu tozo kwa huduma inayotolewa. Linalopaswa kuulizwa ni kama ada ya sasa itateremka. Ikibaki palepale na ya ndoo ikaongezwa juu yake, mwananchi atakuwa na haki ya kukataa.

"Itahitaji mizani na kompyuta, na mifuko yenyewe imepigwa marufuku."

Mizani ndiyo isiyofaa hapa. Taka za Pwani zina maji mengi: maganda ya ndizi na muhogo, matumbo ya samaki, makumbi ya madafu. Mvua ya masika ikiinyeshea ndoo iliyokosa kifuniko, mtu atalipia maji ya mvua. Ukifagia uani na kutia mchanga ule, umelipia mchanga. Ndiyo maana miji mingi hupima ujazo. Zürich, huko Uswisi, inauza mifuko rasmi tangu 1993, ya lita 17, 35, 60 na 110, na ada ya kutupa imo ndani ya bei ya mfuko. Korea Kusini ilianza mtindo wa mifuko kama hiyo nchi nzima tarehe 1 Januari 1995.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini kipimo si lazima kiwe mfuko. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, ile ya rangi au ya mafuta ya kupikia, imo karibu kila nyumba na ukubwa wake unajulikana. Kinachouzwa ni kuponi, kikaratasi cha kulipia ndoo moja. Iwe na namba ya mfuatano na ipatikane katika duka la mtaa. Siku ya kuzoa, mwenye nyumba anaitoa, mzoaji anaichana katikati mbele yake, nusu inabaki nyumbani na nusu anakwenda nayo. Yeye hulipwa kwa idadi ya nusu alizorudisha. Kuponi isipochanwa palepale itauzwa mara ya pili, na mpango utaanza kuvuja hapo.

Watu watashindilia, tena kwa mguu. Ndoo ya lita 20 ya taka mchanganyiko zisizoshindiliwa huwa na kilo 5 hadi 8, na ikishindiliwa uzito hupanda huku bei ikibaki ileile. Sheria mbili zinatosha: kifuniko kifunge bila kilima, na mzoaji aweze kuinyanyua kwa mkono mmoja. Jivu la makaa lipozwe kabisa kabla ya kutiwa. Jivu lenye moto huyeyusha ndoo na laweza kuunguza mkokoteni.

"Watu watamwaga mtaroni na baharini."

Hili ndilo la kuogopwa, na kulipuuza ni kosa. Korea ilikuwa na watu waliotupa kwa siri na waliochoma taka mpango ulipoanza. Hapa mtaro ukizibwa na taka, mvua ya kwanza huzirudisha majumbani, na kinachopita huishia Tudor Creek kwenye mikoko. Lakini watu hawamwagi taka kwa sababu ya bei peke yake. Humwaga mzoaji asipokuja siku aliyosema na matumbo ya samaki yakawa yameoza siku ya pili. Humwaga pia wanapokosa njia rahisi ya kuondoa kitu ambacho hakikupasa kuwa takataka.

Tupige hesabu ya nyumba ya watu watano, kila mmoja akitoa nusu kilo kwa siku. Kwa wiki ni kilo 17 na nusu, kama ndoo tatu. Katika miji ya Kenya, asilimia 60 hadi 70 ya taka za nyumbani ni za kuoza. Ukizitenga, zinabaki kilo 5 hadi 7. Usidhani kilo hizo zitaingia ndoo moja, kwa kuwa taka kavu ni nyepesi lakini hujaza nafasi. Hesabu ndoo moja na nusu. Chupa za plastiki na maboksi yakienda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na plastiki, hapo ndipo inabaki ndoo moja.

Basi ndoo ya taka za kuoza izolewe bure au kwa bei ndogo sana, na mara nyingi kuliko ile nyingine: angalau mara tatu kwa wiki kwa joto hili letu. Maganda yapelekwe kwa wafuga mbuzi, yanayobaki yaende kwenye mboji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inataka taka za kuoza zitengwe na zisizooza. Kuweka bei kwenye ndoo kabla ya njia hii kuwepo ni kuukaribisha mtaro ujae. Taipei, mji mkuu wa Taiwan, iliyoanza kuuza mifuko rasmi mwaka 2000, ilifanya pia jambo moja gumu: taka hazikuruhusiwa kuachwa barabarani, kila mtu anazipeleka mwenyewe kwenye lori linapopita kwa saa iliyopangwa. Taka za majumbani zilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

"Maskini ataumia."

Anayenunua vichache hutupa vichache, kwa hiyo ada ya sasa iliyo sawa kwa wote ndiyo inayombana zaidi. Wapo hata hivyo ambao taka zao hazipunguki wakitaka wasitake: nyumba yenye watoto wa nepi, au mgonjwa wa kulala. Hao wapewe kuponi za bure kila mwezi. Na ndoo ya lita 10 iwe nusu kamili ya bei ya lita 20. Kipimo kidogo kikiwa ghali zaidi kwa lita, mwenye pesa za siku kwa siku ndiye atakayewalipia wengine.

"Nyumba za vyumba hazipimiki."

Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na pipa moja uani kweli haipimiki, kwani anayejaza na anayelipa hawajulikani. Liondoe pipa. Kila chumba kiwe na ndoo yenye namba ya mlango, zitolewe barazani asubuhi ya kuzoa. Maghorofani ni vivyo hivyo, ila ndoo zishuke kwa ratiba ya ghorofa kwa ghorofa ili ngazi zisizibwe.

"Taka zikipungua nusu, gharama nazo zitapungua nusu."

Hapana. Lori linalokwenda jaa la Mwakirunge hutumia dereva yuleyule na karibu mafuta yaleyale likiwa limejaa au nusu. Mji ukitegemea kuponi tupu, wananchi wakifaulu kupunguza taka, mzoaji atakosa mshahara. Ndiyo sababu bei iwe na sehemu mbili: ada ndogo ya mwezi ya kulipia lori na watu, na kuponi kwa kila ndoo. Kabla ya kupanga viwango, ndoo za mtaa mmoja zihesabiwe kwa miezi mitatu bila kutoza mtu, zikiwemo wiki za masika na mwezi wa Ramadhani, maana mapishi ya futari hubadilisha kabisa kinachotoka jikoni.