Toka barabarani! Dhana potofu kuhusu njia za waenda kwa miguu

Wiki iliyopita nimeshuka kituoni naelekea kazini, mvua ilipiga usiku kucha, madimbwi kila mahali, na mbele yangu kuna gari limepaki juu ya pevumenti, tena lote, matairi manne juu, limeacha upenyo wa kupita paka. Upande wa pili mtaro uko wazi, mfuniko wake ulishabebwa kitambo na watu wa chuma chakavu. Sasa ufanyeje? Nikashuka barabarani hatua nne tu nilizunguke lile gari, bodaboda huyu hapa nyuma yangu, honi ndeeefu, "Toka barabarani we dada, unatafuta kufa?" Nikaruka, mguu wa kushoto ukaingia mtaroni, soli ya kiatu ikaachia. Na unajua nilisema nini? Nilisema samahani kaka. Mimi! Nimetumbukia kwenye maji machafu, nanuka, halafu naomba samahani.

Siku nzima ofisini nikawa najiuliza ile samahani ilitoka wapi. Nadhani kuna vitu tumeviamini kuhusu hizi njia za pembeni kwa muda mrefu mpaka aliyeumia ndiye anaomba radhi. Naviandika vile ninavyovisikia kwenye daladala, kazini, hata kwa ndugu zangu wenyewe.

Dhana: Barabara ni ya magari, wa miguu tunavumiliwa tu

Hii ndiyo mama yao. Watu wanaongea kama vile barabara na gari vilizaliwa siku moja, wakati barabara zimelitangulia gari kwa maelfu ya miaka na muda wote huo zilikuwa za watu, punda, mikokoteni, wachuuzi na watoto wanaocheza. Hata Marekani kwenyewe ambako gari ni kama dini, mwanzoni mwa miaka ya 1920 gari likiua mtu mjini lawama zilimwangukia dereva, magazeti yalikuwa yanachora magari kama mazimwi. Wenye biashara ya magari wakaona kwa mwendo huu tutafunga maduka, wakaanza kampeni ya kumgeuzia kibao anayetembea, wakalieneza neno "jaywalker", na hilo "jay" kwa lugha yao ya mtaani kipindi kile ni mshamba, mtu wa kuja, hajui mambo ya mjini. Mwaka 1925 Los Angeles wakapitisha sheria yao ya kuwabana watu wavukie sehemu maalumu, miji mingine ikafuata. Kwa hiyo ile aibu niliyoisikia mimi mtaroni kuna watu waliikalia kikao, miaka 100 hivi iliyopita, wakaitengeneza kwa makusudi ili wauze magari. Na wao wenyewe wameanza kulegeza, California tangu Januari 2023 polisi hakusimamishi kwa kuvuka nje ya zebra labda kama kweli unataka kugongwa.

Hapa kwetu sheria inamtaka dereva akupishe ukiwa kwenye zebra, hiyo ni haki yako wala hakufanyii hisani, ingawa kila mtu wa Dar anajua ukivuka zebra kwa kuiamini sheria peke yake hufiki ng'ambo. Na pale ambapo pevumenti hakuna, tembea upande wa kulia uyaone magari yanayokuja, maana sisi magari yanapita kushoto, ukitembea kushoto gari linakujia mgongoni. Tulifundishwa darasa la pili haya, sijui tumeyaacha wapi.

Dhana: Pevumenti ni urembo, hela ikibaki ndiyo tunajenga

Utasikia hii kila barabara inapopanuliwa. "Kwanza tuweke lami, hayo mengine baadaye", na baadaye yenyewe haifiki, unakuta lami inaishia moja kwa moja kwenye mtaro.

Haya tupige hesabu. Kuna chama cha idara za usafiri za miji ya Marekani kinaitwa NACTO, wao wamekadiria kwamba njia moja ya barabara yenye upana wa kama mita 3 ikitumiwa na magari ya watu binafsi inapitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Upana huohuo ukiwapa wanaotembea, wanapita 8,000 hadi 9,000 kwa saa. Sasa nenda Kariakoo saa 5 asubuhi ukaangalie, gari moja lina mtu mmoja na kiyoyozi limeziba mtaa, pembeni yake watu mia wanabanana mabega na mizigo kichwani. Hapo nani ni urembo?

Halafu kuna la kufa na kupona. WHO wanasema mwaka 2021 waliokufa kwa ajali za barabarani duniani walikuwa kama milioni 1.19, na karibu robo yao walikuwa wanatembea kwa miguu. Spidi ndiyo inayoamua, ukigongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa wengi wanapona, likiwa kwenye 50 uwezekano wa kufa unapanda vibaya sana, na 50 ndiyo spidi inayoruhusiwa kwenye makazi yetu, tena kwa dereva anayefuata sheria. Ule ukingo wa zege wa sentimita 15 unaouona kama pambo, kazi yake ni kutenganisha mwili wako na hiyo 50.

Na wala haihitaji mabilioni. Hapahapa Dar shirika la Amend lilichukua shule za msingi zilizo jirani na barabara hatari, wakafanya vitu vya kawaida kabisa, njia ya miguu, matuta, zebra, nguzo fupi za zege ili magari yasipande, shule nyingine waliishia kuhamisha geti tu lisiangalie barabara kuu. Mradi wao unaitwa SARSAI, na mwaka 2019 ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya kimataifa, ukayapita majiji yenye hela zao. Sisi wengine wenye mji hata hatukujua.

Nisiwe mchoyo wa sifa, Barabara ya Morogoro ilivyotengenezwa kwa ajili ya mwendokasi, mabasi yakaanza 2016, ilipata njia pana za miguu pande zote mbili na Dar ikapewa tuzo ya usafiri endelevu ya 2018. Ukitembea pale unajisikia binadamu. Basi bodaboda nao wakajisikia binadamu, wakapanda.

Dhana: Hizi ni mambo ya Wazungu, sisi hatukuwa nazo

Hapa nina la kusema kidogo zaidi, mnivumilie.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anakaa Mji Mkongwe, Unguja, na likizo zote za utotoni tulikuwa tunapelekwa kwake. Mbele ya nyumba nyingi kule kuna baraza, yale mabenchi ya mawe na chokaa yaliyoshikana na ukuta, huku na huku ya kichochoro. Mchana wazee wamekaa hapo na kahawa, bao, karata, kuna anayeuza machungwa, kuna aliyejilalia. Mgeni wa mwanamume anaongeleshwa hapohapo barazani, kina mama ndani wana faragha yao, na habari zote za mtaa zinapita hapo kabla hazijafika kokote.

Sasa masika ikiingia maji yanajaa kichochoro chote. Watu wanapanda juu. Unatembea juu ya baraza hii, unavuka hatua moja kubwa, unashika ya jirani, hivyohivyo mpaka unafika dukani na kanga haijalowa. Nakumbuka nimetumwa chumvi, mvua inanyesha, nafika kwenye baraza ya wacheza karata naona haya kupita juu ya vikao vya watu wazima, nikasema "Shikamooni, naomba kupita". Mzee mmoja akakunja miguu bila hata kutoa macho kwenye karata zake, "Marahaba mwanangu, pita, usiteleze." Basi. Nikapita katikati ya mchezo wao na mchezo ukaendelea.

Hiyo ni njia ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa, ina sehemu ya kukaa, ina biashara, na ina walinzi wasiolipwa maana hakuna mwizi anayepita mbele ya wazee nane wasimjue mtoto wa nani. Na imejengwa na watu wa pwani wenyewe. Heshima yake ilivyo kubwa, mpaka leo wakubwa wa nchi wakikutana tunasema Baraza la Mawaziri. Kwa hiyo mtu akiniambia pevumenti ni ya kupita tu, usisimame, usikae, usisalimiane, mimi namuona yeye ndiye kaja na mambo ya kigeni.

Dhana: Mbele ya duka langu ni pangu

Hapana, na hili London walishalipitia. Kabla ya sheria ya mwaka 1762 ya kutengeneza mitaa ya Westminster, kila mwenye nyumba alikuwa anatengeneza kipande cha mbele yake anavyojua yeye, huyu kaweka mawe, yule hajaweka kitu, huyu kapandisha, yule kashusha. Ikawa kutembea ni mateso, kazi hiyo ikachukuliwa na mamlaka ili mtaa mzima uwe sawa.

Sisi tupo hapo 1761. Pita mtaa wowote wenye maduka mapya, wa kwanza kaweka pevingi, wa pili kapandisha ngazi mbili ili maji yasiingie kwake yaende kwa mwenzie, wa tatu kaweka marumaru za sebuleni, zinang'aa, nzuri, na mvua ikidondoka kidogo tu zinageuka sabuni. Nimeshamuona mama wa watu kaenda chini na ndoo ya samaki mbele ya duka la vipodozi, samaki mpaka chini ya uvungu wa bajaji, na mwenye duka anamwambia angalia unapokanyaga. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu huo mtaa haupo kabisa, umefutwa, wakati tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010.

Dhana: Machinga ndio walioua pevumenti

Kwanza nimalize stori ya kijiweni, eti machinga limetokana na Kiingereza "marching guy", kijana anayepiga machi. Jamani, Wamachinga ni watu wa Lindi, wapo na walikuwepo, vijana wa kusini waliokuja mjini kutembeza bidhaa wakaacha jina.

Tuje kwenye lawama. Ni kweli kuna sehemu ilifika huwezi kupita, meza imegusa meza, unatembea barabarani na mtoto mgongoni. Sikatai. Lakini angalia tulivyowapeleka puta, Desemba 2018 wakapewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 wafanye biashara bila kubughudhiwa, Oktoba 2021 wakaambiwa waondoke pembezoni mwa barabara waende maeneo waliyopangiwa. Miaka mitatu hata haijatimia. Na machinga anafuata miguu ya watu, ndiyo soko lake, ukimjengea ghorofa pazuri ambapo hakuna anayepita njia atarudi tu, usiku kwa usiku. Viti viwili vya magurudumu vipishane vinahitaji kama mita 1.8, sasa njia ikiwa na mita 4 ukichora mstari mtu akakaa upande wa ukutani na meza yake ndogo, pa kupita pamebaki. Ikiwa na mita 1 hata sanduku la kung'arisha viatu ni kero. Ugomvi mwingi wa machinga na wapita njia mimi naona ni ugomvi wa njia nyembamba, na katikati ya ugomvi wao lile gari la matairi manne limepaki kimya, hakuna mgambo anayelimwagia bidhaa.

Ndogondogo

"Jenga daraja la juu, tatizo limeisha." Daraja linamsaidia zaidi dereva asisimame. Bibi wa miaka 70 na mfuko wa mkaa apande ngazi huku na ashuke kule ili Prado isipunguze mwendo? Kwenye barabara ya njia nane sawa, hakuna namna. Mtaani weka zebra na tuta.

"Vile vigae vya njano vyenye vinundu ni mapambo." Ni njia ya asiyeona, anaisoma kwa fimbo na nyayo, mistari inamwambia endelea, vinundu vinamwambia simama. Aliyevibuni ni Mjapani Seiichi Miyake, vikawekwa mara ya kwanza mji wa Okayama mwaka 1967. Ukipaki pikipiki juu yake umeng'oa kibao cha barabarani cha mtu.

"Anayetembea ni asiye na gari." Mwenye gari naye analipaki mahali akatembea. Wa daladala anatembea mara mbili. Sijui nani amebaki.

Kile kiatu changu kilishonwa siku ileile. Kuna fundi viatu anakaa hatua kama ishirini kutoka pale nilipotumbukia, kigoda, mwavuli uliochanika, na boksi la nyuzi, juu ya pevumenti hiyohiyo. Shilingi elfu moja. Akakishika kwa vidole viwili akakinusa, akacheka, "Mtaro wa pale kwenye gari jeupe?" Nikamwambia ndio. Akasema mimi ni wa tatu tangu asubuhi.