"Si apige tu simu polisi?" Haya, kaeni niwaambie

Jamani juzi tena. Tumekaa watu kama sita tunaangalia thrila ya TV, ile aina mnayoijua, mke wa mtu kachepuka usiku mmoja tu, jamaa hataki kuachwa, sasa anamfuata mpaka kazini, na ilipofika dakika ya arobaini hivi mmoja wetu akaweka glasi chini akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo, "Sasa huyu si apige tu simu polisi? Hawa waandishi wavivu kweli." Wote wakaitikia. Mimi nikanyamaza, maana hilo swali nimeshalijibu harusini, nimelijibu kwenye foleni, nimelijibu hata kwa daktari wa meno nikiwa na pamba mdomoni. Leo najibu kwa maandishi, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Kazi yangu ni kurekebisha skripti. Inaletwa ikiwa imekwama, prodyuza ana wiki tatu kabla ya kuanza kushuti, mimi naingia natafuta panapovuja. Na kwenye thrila za mchepuko panapovuja si kwa adui wala kwenye purukushani za mwisho, panavuja hapohapo kwenye simu. Yaani hilo swali lenu la kijanja ndo la kwanza tunalojiuliza, tunakesha nalo, hamjatukamata popote.

Watu wa fani wana jibu lao la mkato, "akipiga filamu inaisha". Silipendi kabisa, ni mvivu anamjibu mtu aliyemwita mvivu. Jibu lenyewe ni kwamba ule mchepuko haukuwekwa pale kwa ajili ya mapenzi, uliwekwa ufunge mdomo wa mtu. Zile dakika za muziki laini na mashuka mnazodhani ndo uhondo, kwetu ni fundi anafunga kitasa mlangoni, akimaliza anaondoka na ufunguo anampa adui.

Hebu toa mchepuko uone. Mtu baki anamfuatilia dada wa watu, dakika ya kumi na tano dada anapiga simu polisi, kwa nini asipige, hana la kuficha, mume yuko upande wake, majirani wako upande wake. Sasa mwandishi inabidi awafanye polisi wa mji mzima wawe mabwege ili hadithi iendelee, na huo ndo uvivu, na mara nyingi hamuuoni. Rudisha mchepuko. Polisi wanaweza kuwa hodari kuliko wote duniani na haisaidii kitu, kwa sababu pekee anayejua kuna hatari ndo huyohuyo asiyeweza kuitamka. Wahenga walishaimaliza hii sinopsi kwa maneno matatu, mficha uchi hazai.

Haya, hapa ndo panaponiuma, mnivumilie kidogo. Sababu ya kutopiga simu haiwezi kuwa moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Skripti mbovu inampa "mume wangu atajua" dakika ya ishirini, halafu dakika ya themanini paka ameuawa, gari limekatwa breki, mtoto hajarudi shule, na mama bado anasema "mume wangu atajua". Hapo mkirusha mto kwenye TV niko na nyie. Kanuni ninayoitumia ni ya kiduka kabisa: kila akti, yaani kila sehemu kubwa ya filamu, bei ya kusema lazima iwe kubwa kuliko bei ya kunyamaza, na zote mbili zipande. Moja ikisimama tu, mtazamaji anatoka kwenye hadithi anaanza kutoa ushauri.

Kwa mfano, mwanzoni ana nini cha kuripoti? Missed call kumi na nne na maua yasiyo na jina. Akipiga anaaibika bure, na hakuna afande atakayetoka na king'ora kwa sababu ya maua. Sawa, ananyamaza, na sisi tunamwelewa. Akti inayofuata jamaa yuko sebuleni kwake, kaja kama rafiki mpya wa mume, wanacheka, mume anamwambia mkewe "njoo nikutambulishe", naye anatoa mkono anasema nafurahi kukufahamu. Umeona kilichotokea? Mwanzo alikuwa na siri moja, sasa ana siri na uongo aliousema mbele ya mume wake kwa kinywa chake. Kisha anajaribu kulimaliza mwenyewe, anaingia nyumbani kwa jamaa kuchukua picha, anavunja kioo, anafuta meseji, yaani sasa na yeye ana kosa. Kisha panapatikana maiti, mpelelezi anakuja nyumbani, mstaarabu tu, anakunywa maji, anauliza unamfahamu huyu, na yeye anasema "simfahamu".

Hilo neno moja. Mimi nikipewa skripti naenda kulitafuta kwanza, liko ukurasa wa ngapi, amelisema kwa nani, nani mwingine yuko chumbani. Kabla ya "simfahamu" kupiga simu polisi ni aibu, baada yake ni kujikamata mwenyewe. Siri hapo inakuwa kama mkopo wa riba, ungelipa mapema ungelipa kidogo, na kila siku unayojificha mdai anaongeza sifuri. Sasa mtu akisema "mimi ningesema siku ya kwanza", sawa mpendwa, sote tungesema siku ya kwanza, ndo maana hakuna anayekuja kutengeneza filamu kutuhusu.

Na kwa taarifa yenu polisi huwa wanaendewa. Chukua ile filamu ya sinema ya 1987 ambayo TV nzima imekuwa ikiikopi tangu hapo, Fatal Attraction. Michael Douglas ni mume aliyechepuka, na mwanamke aliyechepuka naye, Glenn Close, hataki kuachwa. Jamaa anaenda polisi, lakini anaenda akisema tatizo ni la "mteja" wake, maana yeye ni wakili. Afande anamsikiliza na kumwambia bila ushahidi hawezi kuingilia haki za yule mwanamke, na huyo mteja abebe matokeo ya alichofanya. Mtu yuko kituoni! Kakaa mbele ya afande! Na bado hawezi kusaidiwa kwa sababu hawezi kusema neno "mimi". Sini fupi tu ile, na watu walioiona mara tano bado wananiuliza kwa nini hakwenda polisi.

Tena kwa miaka hiyo sheria yenyewe ilikuwa haipo. Jimbo la kwanza Marekani kuwa na sheria dhidi ya kumfuatilia mtu ni California, mwaka 1990, majimbo mengine yakafuata haraka miaka ya mwanzoni mwa tisini. Kabla ya hapo mtu kusimama ng'ambo ya barabara akikukodolea macho kila siku haikuwa rahisi kumshtaki kwa lolote. Siku hizi tuna sheria, kamera za mlangoni, meseji zinabaki, kwa hiyo kitasa cha nje kimelegea na inabidi cha ndani, yaani siri yenyewe, kikazwe zaidi.

Niseme haraka kuhusu matangazo, maana hili nalo mnalilalamikia, "mbona wanarudiarudia". Filamu ya TV iliyopewa nafasi ya dakika 120 ni dakika 85 mpaka 90 hivi za filamu yenyewe, zilizobaki matangazo. Zamani zaidi stesheni ya ABC ya Marekani ilipoanzisha filamu zake za kila wiki mwaka 1969, nafasi ilikuwa dakika 90 na filamu yenyewe dakika sabini na kitu. Mgao wa kawaida ukawa akti saba, ya kwanza ndefu, zinazofuata zinafupika, na kila moja inaishia kwenye ndoano ili usihamishe stesheni, na ndoano kubwa kuliko zote inakaa pale katikati saa mpya inapoanza, kwa sababu ndo wakati stesheni nyingine zinafungua vipindi vyao. Mkirudi kutoka kwenye matangazo mhusika anarudia kidogo kilichotokea kwa ajili ya aliyekuwa jikoni. Sasa mnaziangalia kwenye simu bila matangazo, skrini inakuwa nyeusi sekunde moja halafu mtu anasema tena alichosema sasa hivi, mnaona ujinga. Nyumba imejengwa kwa ngazi, nyie mmeweka lifti mnashangaa ngazi za nini. Tuendelee.

Kingine mnachokiamini ni kwamba aliyechepuka lazima ateseke kwa sababu sisi waandishi ni wahubiri. Hapa nina aibu kidogo maana kuna ukweli. Sinema za Marekani kuanzia 1934 mpaka 1968 zilibanwa na kanuni ya maadili iliyokataza uzinzi kuonyeshwa kama jambo zuri au la haki, na TV nayo ilikuwa na kanuni yake ya miaka ya hamsini iliyodumu mpaka 1983. Kanuni zimekufa, mazoea yamebaki. Lakini angalia tena ile ya 1987. Mwisho uliopigwa kwanza, Glenn Close anajiua kwa kisu chenye alama za vidole vya mwanaume, na polisi wanakuja kumchukua jamaa kwa mauaji. Polisi wanafika hatimaye, na wanamfuata yeye! Kwangu ule ndo mwisho wa kweli wa hadithi ile, siri imedai deni lake lote. Watazamaji wa majaribio wakaukataa, ukapigwa mpya ambapo mke anamaliza kazi kwa bastola bafuni, na Glenn Close mwenyewe aliupinga. Pesa ikaingia, na sisi wa TV tumekuwa tukiupiga ule mwisho wa pili tangu siku hiyo, ndo maana mnajua kabla ya kukaa kwamba stering hafi na adui atainuka mara moja baada ya kudhaniwa amekufa.

Na hapa naingia kwenye vitu ambavyo kwenye semina hatuvisemi. Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993 stesheni tatu kubwa za Marekani, NBC, ABC na CBS, kila moja ilirusha filamu yake kuhusu kesi ileile ya Long Island, msichana kampiga risasi mke wa mwanaume aliyekuwa na uhusiano naye, na mbili kati ya hizo zilirushwa usiku mmoja. NBC ilikuwa na simulizi ya msichana, CBS ilikuwa na simulizi ya wanandoa. Kifundi ni somo zuri ajabu, ukihamisha siri kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine unapata adui mwingine, matukio yaleyale. Nilikuwa nalifundisha hivyo kwa furaha kabisa. Halafu siku moja mwanafunzi akaniuliza binti alikuwa na miaka mingapi, na jibu ni kwamba alikuwa chini ya umri na yule mwanaume alikuja kufungwa kwa hilo. Yaani ule haukuwa mchepuko hata kidogo, lilikuwa kosa la mtu mzima, na fani yetu ikalibana likaingia kwenye kiolezo cha "mchepuko hatari" kwa sababu kiolezo kilikuwa mezani tayari. Sina jibu la hilo. Somo bado nalitoa ila silitoi tena kwa furaha.

Pia sina uhakika kama hatujawaharibu watazamaji kwa yule adui wetu, mrembo, mpweke, "kichaa". Nikimwandika vizuri ana sababu zake na kwa dakika tano unaona yeye ndo aliyedanganywa, ambayo mara nyingi ni kweli. Kisha yanakuja maagizo kutoka juu, "awe wa kutisha zaidi", na ninampa kisu. Nimempa kisu mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Na ndiyo, simu kuisha chaji nimeandika. Mara mbili. Mtandao kukatika milimani nimeandika mara moja, nilikuwa na homa. Mkinikamata na hizo mniite mvivu, sina la kusema, maana ukiua simu umekiri kwamba siri yako ilikuwa nyepesi, haikutosha kumzuia mtu kubonyeza namba tatu.

Sasa hivi mezani nina skripti niliyojitia ujeuri, nimeamua mwanamke apige simu polisi dakika ya kumi na mbili, mapema kabisa, chaji imejaa, mtandao upo, mume hayupo nyumbani. Nimekwama nayo wiki ya tatu. Anapiga, inapokelewa mlio wa pili, sauti ya mtu mpole na makini kabisa, anaeleza yote, gari nje, meseji, mtu kwenye bustani, na sauti inamwambia tulia mama, gari linakuja, nisaidie tu kitu kimoja cha kuandika hapa, huyu mtu mnafahamianaje?

Na mlango wa mbele unafunguliwa, mume kawahi kurudi.