Askari akiua raia, kambi haina mamlaka ya kuyamaliza

Alfajiri ya Agosti 30, 2023, mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanajeshi wa kikosi cha Walinzi wa Rais waliwafyatulia risasi waumini wa dhehebu moja waliokuwa wakijiandaa kuandamana kupinga MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani nchini humo. Waliouawa walizidi 40. Septemba 5 kesi ya wanajeshi 6 ilianza kusikilizwa, na Oktoba 2 Kanali Mike Mikombe, aliyeongoza kikosi hicho mjini humo, akahukumiwa kifo na kufukuzwa jeshini. Watatu walipata miaka 10 jela, wawili wakaachiwa.

Kesi kwenda mbio namna hiyo ni nadra. Mara nyingi familia huambiwa kwamba askari "ameshaadhibiwa kambini", na wengi huondoka wakiamini mambo yamekwisha. Hayajaisha.

Kamanda anaweza kumweka mahabusu askari aliyelewa zamuni, akamnyima likizo au kumwandikia onyo. Hayo ni ya nidhamu. Kumpiga risasi raia, au adui aliyekwisha kuweka silaha chini, ni jinai, hata vita ikiwa imepamba moto. Kamanda akimhamishia mhusika batalioni nyingine, au akiwatuma wazee na pesa ya mazishi, hajaadhibu mtu, amemficha. Wajibu wake ni kumkamata na kumkabidhi kwa auditora, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi.

Kesi huenda wapi? Hutegemea cheo. Kuanzia askari wa kawaida hadi kapteni ni mahakama ya kijeshi ya garnizoni, yaani ya kituo cha jeshi cha eneo. Meja hadi kanali ni Mahakama ya Kijeshi ya mkoa. Majenerali ni Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, hakimu hapaswi kuwa na cheo kilicho chini ya kile cha mshtakiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ufa mkubwa, kwa sababu kadiri mtuhumiwa anavyopanda nyota ndivyo wanaoweza kumhukumu wanavyopungua.

Utetezi unaosikika kuliko wote ni "shefu ndiye aliyesema", yaani mkubwa ndiye aliyetoa amri. Ibara ya 28 ya Katiba ya Kongo inaukata: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Na shefu naye hajanusurika kwa kuwa hakugusa bunduki. Chini ya Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, kamanda aliyejua au aliyepaswa kujua, asizuie wala asipeleke mashtaka, anawajibika.

Kuthibitisha hayo mahakamani ndiko kugumu. Baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mnamo Novemba 2012, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma walipora na kubaka katika mji mdogo wa Minova. Walishtakiwa 39. Hukumu ilipotoka Mei 2014, waliotiwa hatiani kwa ubakaji walikuwa wawili tu. Mtu aliyevamiwa usiku na watu wenye sare zinazofanana atautambua uso wa nani?

Kwa hiyo mambo madogo yana uzito: kikosi gani kilikuwa kimepiga kambi hapo siku ile, saa ngapi, alama gani begani, namba ya gari, jina walilokuwa wakimwitia mkubwa wao. Yaandikeni mapema, kila shahidi kwa maneno yake. Chukueni cheti cha hospitali kabla ya mazishi. Malalamiko yapelekwe auditora kwa maandishi, mbaki na nakala.

Familia inaweza pia kujiunga na kesi na kudai fidia, hata dhidi ya serikali yenyewe. Mahakama zimeshaiamuru serikali kulipa mara kadhaa, lakini malipo yenyewe huonekana kwa nadra, na wakili anayewaahidi pesa za haraka anawadanganya. Jiungeni hata hivyo. Aliyejiunga ana haki ya kuwa na wakili ndani ya chumba cha mahakama, naye wakili huyo anaweza kuliuliza swali ambalo hakimu mwenye sare hajaliuliza: nani alitoa amri?