Makala ya kata yako bado ni mbegu

Fungua Wikipedia ya Kiswahili, andika jina la kata unayoishi. Kwa kata nyingi za Tanzania utakuta mistari michache tu: wilaya, mkoa, postikodi, na idadi ya wakazi waliohesabiwa kwenye sensa. Chini yake kuna tangazo dogo linalosema makala hiyo bado ni mbegu, na kwamba ukijua zaidi unakaribishwa kuongeza.

Sisi wakutubi huwaonyesha wanafunzi tangazo hilo kila mwaka, na kila mwaka wapo wanaoshangaa. Wameisoma tovuti hii tangu sekondari wakidhani kuna ofisi mahali yenye waandishi wa mshahara. Hakuna. Wikipedia ilianza Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003, na makala zake zaidi ya 80,000 ni kazi ya wasomaji wenyewe, watu wa kujitolea.

Basi kama yeyote anaweza kuandika, tuamini nini? Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea kazi ya kikundi. Makala waliyoitegemea ilimtaja mtu fulani kuwa mwasisi wa soko la mji, na wenyeji wawili wa kikundi hicho hawakuwahi kumsikia. Nikamwambia afungue historia ya ukurasa. Humo kila badiliko limehifadhiwa pamoja na tarehe na saa yake, na ukilinganisha matoleo mawili, maneno yaliyoongezwa yanaonekana kwa rangi. Sentensi ile ilikuwa imeingizwa usiku mmoja, siku tisa nyuma, bila chanzo chochote. Tukairudisha makala ilivyokuwa, tukaandika sababu kwenye ukurasa wa majadiliano. Hazikupita dakika kumi. Mtu akizidi kuharibu, wapo wasimamizi, wanaoitwa wakabidhi, wenye uwezo wa kumzuia au kuufunga ukurasa kwa muda.

Ndiyo maana sikubaliani na walimu wanaowakataza wanafunzi kuigusa Wikipedia kabisa. Wafundisheni kuikagua: tanbihi zinaelekeza wapi, ukurasa umebadilishwa lini, watu wanabishania nini kwenye majadiliano. Kisha wafuate chanzo chenyewe na wakinukuu hicho.

Kusoma ni nusu ya kazi. Mwaka 2009 hadi 2010 Google iliandaa shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala nyingi ziliongezeka, lakini zawadi zilipokwisha wengi hawakurudi. Tovuti ya namna hii huishi kwa mtu anayerudi kusahihisha tahajia, kuongeza mwaka uliokosekana, kufuta porojo. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, nayo iko hivyohivyo. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walitembea mitaani wakichora njia, mifereji na maeneo yanayofurika. Lakini mtaa hujengwa upya kila mwaka, na ramani isiporekebishwa huachwa nyuma.

Kuanza ni rahisi. Fungua akaunti; barua pepe si lazima. Nenda kwenye makala ya kata yako, bofya Hariri, ongeza sentensi moja: mnada hufanyika siku gani, shule ya kwanza ilijengwa lini, mto gani unapita. Weka chanzo chake, iwe kitabu, gazeti au taarifa ya halmashauri iliyochapishwa. Andika kwa maneno yako, maana kunakili aya nzima ya mtu mwingine ni kuvunja hakimiliki, na itafutwa. Simulizi ya babu ni hazina, lakini Wikipedia haiipokei mpaka iwe imechapishwa mahali. Wala usiweke habari za jirani yako au namba ya simu ya mtu.

Nasisitiza hili sasa kwa sababu programu za akili mnemba zimefunzwa kwa maandishi ya Wikipedia pamoja na mengine mengi. Kata ikiwa na mistari mitatu tu, mtoto atakayeiuliza mashine kuhusu kwao atajibiwa kwa mistari hiyo mitatu, au kwa jambo la kubuni.

Ukikwama kwenye chanzo, muulize mkutubi wa maktaba ya mkoa wako. Magazeti ya zamani na ripoti za wilaya ambazo hazipo mtandaoni mara nyingi ziko rafuni kwake, na tanbihi inakubali kitabu cha karatasi sawa na tovuti.